Chumba cha Mke Mwenza

Nyumba ya akina Bordessoule ilikuwa na mapaa mawili, na mgeni aliyeyatazama yote mawili alijua mara moja mwenye nyumba anampenda nani. Paa la banda la gari lilikuwa la mawe bapa mapya, yamepangwa sawasawa, hata jani halikupata pa kukwama. Paa la nyumba yenyewe lilikuwa la tangu enzi za babu yake Léonce, mwenye nyumba, na mvua za Oktoba zilipoanza kunyesha mkoani Corrèze, mkewe Huguette aliweka sufuria tatu chumbani, ndoo ukumbini na bakuli la saladi juu ya kabati la nguo. Hakuwa mwanamke wa kulalamika ovyo. Alilalamika mara moja kwa wiki, Jumapili baada ya supu, na maneno yake yalikuwa yale yale.

"Mke mwenzangu analala pakavu," alisema.

Mke mwenza huyo alikuwa gari. Lilikuwa jeusi, refu, pua imechongoka, viti vya ngozi. Lilitengenezwa mwaka 1972 kwa ajili ya mawaziri na madaktari, na lilifika kwa baba yake Léonce, aliyekuwa dereva wa daktari, baada ya daktari kufariki na watoto wake kulikataa. Baba alipokufa, Léonce akalirithi pamoja na maradhi yake. Gari hilo halikukalia springi kama magari ya watu wengine. Lilikalia mafuta. Ukilizima, lilishuka taratibu mpaka tumbo likaribie sakafu. Ukiliwasha, liliinuka, nyuma kwanza, halafu mbele, kama ngamia aliyeamriwa kusimama. Mafuta hayo hayo ndiyo yaliyogeuza usukani na kubana breki. Uzuri wake wote ulikuwa hapo, na hasara zake zote zilikuwa hapo.

Mwaka mmoja lilitaka matufe ya chuma yenye gesi, yote sita. Mwaka uliofuata pampu. Kisha mabomba ya mpira yaliyopasuka kwa uzee, kisha kutu chini ya sakafu, ambayo fundi huichokoa kwa bisibisi akidhani ni padogo na kumbe ni pakubwa. Bima, ukaguzi, hita ya umeme ndani ya banda ili baridi isipasue raba. Katika miaka thelathini na moja tangu Léonce alirithi, Huguette, aliyepika jikoni mwa shule ya kijiji mpaka alipostaafu, alibadilisha koti la baridi mara mbili. Mke mwenza alibadilishiwa hata zulia.

Mwezi Septemba fundi paa alipanda juu ya nyumba, akashuka na uso wa kuleta habari za msiba. Alisema mbao zimeoza na theluji ya mwaka huu italishusha paa lote. Bei yake ilikuwa euro elfu kumi na sita na mia nne. Walikwenda benki kuomba mkopo, wamevaa nguo za kanisani. Binti aliyewapokea alitazama miaka yao ya kuzaliwa, akatazama kompyuta, kisha akawauliza kama wangependa maji ya kunywa. Walikunywa maji, wakarudi nyumbani.

Siku hiyo Léonce alikata mkate vipande vingi kuliko walivyohitaji, kisha akasema atauza gari. Huguette aliacha kijiko ndani ya bakuli.

"Yeye nimempa paa," Léonce akasema. "Sasa zamu yako."

Huguette hakujua aweke wapi mikono. Alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, na yalipokuja alimwonea mumewe huruma.

*

Mnunuzi alipatikana kupitia jarida la wapenzi wa magari ya zamani. Aliitwa Kerleau, mstaafu wa huko Nantes, na kwa simu walikubaliana elfu kumi na nane. Angekuja Jumamosi, akilitazama na kuridhika aondoke nalo. Lakini wiki hiyo hiyo hospitali ya Limoges ilimwita Léonce akabadilishiwe goti, jambo alilolisubiri miezi minane. Akatia sahihi karatasi zote za mauzo kabla ya kuondoka, akamwachia mkewe ufunguo.

Jumatatu alipiga simu kutoka kitandani. Alimweleza Huguette polepole: awashe gari, alipandishe mpaka juu kabisa, afungue boneti, atazame kioo kidogo chenye mistari miwili. Mafuta yakiwa chini ya mstari wa chini, aongeze. Kopo liko kwenye rafu ya baba.

Huguette hakuwahi kufungua boneti hiyo maisha yake yote. Alifungua. Mafuta yalikuwa chini ya mstari. Kwenye rafu alikuta makopo mawili. Moja lilikuwa jipya, kifuniko bado kimefungwa kiwandani. La pili lilikuwa la zamani, limeshika kutu, karatasi yake imeliwa na unyevu, na mdomo wake umezibwa kwa kitambaa.

Sasa, katika nyumba ya Bordessoule kulikuwa na sheria moja iliyokuwa na nguvu kuliko zile za serikali. Huwezi kufungua jipya kabla ya kumaliza lililofunguliwa. Jamu, haradali, sabuni, divai, hata uzi wa kushonea. Akiba haiozi, alisema mama mkwe, na wiki ya kwanza ya ndoa alimfokea Huguette mbele ya wageni kwa kufungua chupa ya haradali wakati nyingine bado ilikuwa na vijiko viwili. Huguette alilia chooni siku hiyo, na hakurudia kosa hilo tena. Mama mkwe alikuwa kaburini miaka ishirini na sita, lakini mkono wa Huguette ulikwenda wenyewe kwenye kopo la zamani.

Alimimina karibu lita nzima. Aliona kwamba mafuta hayo ni mekundu, akafikiri ni uzee tu, kwani hata divai hubadilika rangi ikikaa. Alipofunga boneti alijisikia vizuri. Lilikuwa jambo la kwanza kumfanyia mke mwenza kwa hiari yake, akalipiga gari kofi dogo la ubavuni.

"Umeshiba," akaliambia. "Mgeni akija usinitie aibu."

Jumatano aliliendesha mpaka kwa mwoka mikate, akapita njia ndefu makusudi. Lilipita juu ya mashimo bila kutikisa hata miwani yake. Ingawa hakupenda kukubali, alikubali: ulikuwa utamu.

*

Alhamisi lilikataa kuinuka. Injini iliunguruma, lakini gari lilibaki limelala, na chini yake kulikuwa na dimbwi la rangi ya matope. Huguette alimwita Firmin Vialle, rafiki wa Léonce tangu shule, fundi aliyestaafu lakini mikono yake haikustaafu.

Firmin alichovya kidole kwenye tangi, akanusa, akachovya tena.

"Shemeji, umempa nini huyu?"

"Mafuta yake."

"Mafuta gani?"

Huguette alionyesha kopo. Firmin aliliokota, akanusa mdomo wake, kisha akageuza ndoo kichwa chini na kuikalia. Alieleza bila kupandisha sauti, na hilo lilimtisha Huguette zaidi. Magari ya aina hii ya miaka ya nyuma yalikunywa mafuta mekundu. Yaliyofuata, pamoja na hili, yanakunywa ya kijani. Kopo hilo lilikuwa la gari la kwanza la daktari, lililokwenda skrepa kabla hata Léonce hajaoa. Mekundu yakiingia kwenye gari la kijani hula raba zote: za pampu, za usukani, za miguu inayoliinua, za breki. Huzivimbisha, kisha huzilainisha, kisha zinabomoka. Kuzibadilisha zote ni miezi, na ni euro elfu saba kama mtu ana bahati.

Mvua ilikuwa ikinyesha. Kupitia mlango wa banda Huguette aliweza kusikia matone ndani ya ndoo ya ukumbini.

"Anakuja Jumamosi," akasema.

Firmin alijikuna shingo. Alisema anaweza kuyamwaga yote, kuliosha mara mbili kwa mafuta mapya ya kijani, na kubadilisha raba tatu ambazo anazo nyumbani.

"Jumamosi atasimama," akasema. "Jumapili ni ya Mungu."

"Na mnunuzi atajua?"

"Akifungua boneti ataona kijani safi." Firmin hakumtazama. "Mimi naosha tu, shemeji. Kusema ni kwako."

Jioni Léonce alipiga simu, kama kila siku. Aliuliza kwanza habari za paa, halafu za mbwa, halafu, kwa sauti ya mtu anayejifanya amekumbuka tu, akauliza kama yule mwanamke mwingine anaendelea vizuri. Huguette alisema ni mzima. Katika ndoa yao alikuwa amemdanganya mara moja tu, kuhusu bei ya mapazia. Alipoweka simu alikaa karibu nayo muda mrefu, akifikiria kwamba mumewe amejikata kipande cha moyo ili ampe paa, na yeye amekimwagia sumu kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kitu alichokitaka duniani zaidi ya Jumamosi kupita salama.

*

Bwana Kerleau alikuja na mkewe na wajukuu wawili wa kike, mmoja wa miaka minane, mwingine wa mitano. Walikuja kwa treni hadi Brive, kisha teksi, kwa sababu walipanga kurudi Nantes na gari lenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye skafu iliyofumwa nyumbani. Alizunguka gari mara mbili. Huguette alipoliwasha na likaanza kuinuka, nyuma kwanza, halafu mbele, wale wasichana walipiga makofi, na babu yao akageuka kutafuta kitambaa cha mfukoni.

Firmin alikuwa amefanya kazi yake. Kerleau alifungua boneti, akaona kijani safi, akafunga. Waliingia jikoni. Huguette alikuwa ameandaa pai ya viazi, na alikuwa ameficha ndoo zote na sufuria zote ili wasionekane watu wa shida, akimwomba Mungu mvua isinyeshe kwa saa mbili tu. Hundi ya benki iliwekwa mezani, ndani ya bahasha nyeupe. Ilikuwa na paa zima ndani yake, na bado elfu moja na mia sita zilibaki.

Wasichana hawakutaka pai. Walitaka gari. Bibi yao aliwapeleka, na kupitia dirisha Huguette aliwaona wakigombania kiti cha nyuma, kisha wakakaa wote wawili katikati, wadogo kabisa kwenye ngozi ile pana. Kerleau alikuwa akieleza kwamba watapita barabara kuu, kilomita mia nne na kitu, na kwamba hatakimbia sana, labda mia na kumi.

Kulikuwa na kazi moja imebaki. Muuzaji hupiga mstari juu ya kadi ya gari na kuandika siku na saa lilipouzwa. Huguette alipenda vitu vinyooke, kwa hiyo alichukua rula. Aliiweka juu ya kadi, juu ya jina la Léonce, akaweka ncha ya kalamu. Mkono haukwenda. Alisikia yule mdogo akicheka kule nje.

Aliinua kalamu.

"Bwana Kerleau," akasema, "washushe watoto."

Kisha akamwambia yote: kopo, rangi nyekundu, dimbwi, raba, breki. Alizungumza akitazama rula. Alipomaliza, Kerleau alikuwa amesimama.

"Ulitaka kuniuzia hivyo hivyo?"

"Nilitaka," Huguette akasema. "Mpaka sasa hivi nilitaka."

Kerleau alichukua bahasha yake. Alitoka, akazima gari, akawashusha wajukuu mmoja mmoja, na mkubwa akaanza kulia akiuliza wamekosa nini. Teksi ilichukua dakika arobaini kufika. Walisubiri barabarani, si ndani, mbele ya majirani waliokuwa wakitoka dukani na mikate. Hawakuaga. Pai ilibaki nzima mezani, na teksi ilipoondoka mvua ikaanza.

*

Huguette alirudisha ndoo mahali pake, halafu akapiga simu Limoges kabla woga haujamkamata. Alisema kila kitu kwa pumzi moja.

"Breki nazo?" Léonce akauliza.

"Breki nazo."

"Na watoto walikuwa ndani."

"Walikuwa wameshakaa."

"Sasa wako wapi?"

"Kwenye treni."

Alimsikia mumewe akishusha pumzi ndefu. "Basi namshukuru Mungu," akasema. "Na wewe nakushukuru."

Huguette alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kilio, hata kwa simu kukatwa usoni. Kwa hilo hakuwa amejiandaa, na machozi yalimtoka. Baada ya muda Léonce aliuliza swali jingine, kwa sauti ya tahadhari. Je, lile kopo la kijani, jipya, hakuliona?

"Nililiona. Lilikuwa limefungwa. Lile lingine lilikuwa wazi. Ningefanyaje?"

Ikaja sauti ya ajabu ambayo Huguette alidhani ni maumivu ya goti. Kumbe mumewe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka muuguzi akaja kumtazama.

"Mama angekubusu," alisema alipoweza kusema. "Unajua kwa nini lile kopo lilikuwepo bado? Kila mwaka nililishika nilitupe. Kila mwaka nikaona limefunguliwa, halijaisha, nikalirudisha."

*

Barua ya Kerleau ilikuja baada ya wiki mbili, Léonce akiwa ameshafika nyumbani na magongo yake. Aliandika kwamba hasira zake zilidumu kwenye treni mpaka Poitiers, njiani. Hapo mkewe alimuuliza ni wauzaji wangapi maishani mwao waliowaambia ukweli kalamu ikiwa mkononi, naye akahesabu, akapata mmoja. Kama gari bado lipo, angelichukua lilivyo, bovu, kwa elfu saba na mia tano. Amestaafu, muda anao, na afadhali gari ambalo ubaya wake ameshaambiwa.

Lori lilikuja siku ya Jumanne. Gari lilivutwa kwa waya likiwa limelala, halikuinuka kuaga. Léonce aliweka kopo la kijani kwenye buti, bado limefungwa, akafuta alama ya kidole chake kwenye mlango kwa mkono wa sweta. Huguette alisimama karibu naye, akamshikilia upande usio na gongo. Hakufurahi kama alivyodhani angefurahi siku mke mwenza akiondoka.

Elfu saba na mia tano si elfu kumi na sita. Fundi paa alitazama pesa, akatazama mawingu, akasema atafanya nusu ya paa, upande wa chumba cha kulala, na nusu nyingine mwakani, Mungu akipenda. Lakini kwa wiki tatu upande huo ungekuwa wazi, na upande mwingine ndio huo unaovuja. Aliwauliza kama wana ndugu wa kuwapokea. Huguette alikuwa akitazama ng'ambo ya ua, kwenye mawe bapa mapya yaliyopangwa sawasawa.

Firmin alikuja kusaidia kubeba kitanda. Banda lilikuwa kavu kama ndani ya kabati la unga, na kuta zake zilizibwa baridi isipite, na hita iliyowekwa kwa ajili ya raba iliwaka bila shida. Léonce, akiwa amekaa kwenye kiti na goti lake limenyooshwa, alitoa maelekezo ambayo hayakufuatwa na mtu. Kitanda kikawekwa pale pale lilipokuwa gari. Firmin alisema kufa kufaana, akaomba glasi ya divai, akapewa.

Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, kulikuwa na bahasha nyingine ya Nantes iliyofika jana yake na haikuwa imefunguliwa kwa sababu ya pilikapilika. Ndani mlikuwa na picha ya wasichana wawili wamekaa kwenye gari lisilo na magurudumu, na mfuko mdogo wa plastiki. Katika mfuko kulikuwa na raba ya breki ya mbele. Léonce aliiweka kiganjani, akaibonyeza kidogo kwa kidole gumba, ikageuka tope. Walitazama kiganja, kisha picha. Nyuma ya picha Kerleau aliandika mstari mmoja: Hawa wanawasalimu, na wataendelea kuwasalimu.

Léonce alifuta mkono wake, akaiegemeza picha kwenye rafu ya baba, mahali lilipokuwa kopo. Kisha wakajilaza, kama wafanyavyo kila Jumapili. Mvua ikaanza kunyesha, nzito, juu ya mawe bapa. Huguette alifumba macho, na sikio lake, kwa mazoea ya miaka mingi, likasubiri tone la kwanza ndani ya sufuria. Lilisubiri sana. Hakuna kilichodondoka.

"Asante, mke mwenzangu," akasema.

Léonce aligeuza kichwa kwenye mto. "Umesema nini?"

"Siongei na wewe," Huguette akasema, akamvutia blanketi kwenye goti lake.